Umepandisha gari na sasa kardani inalia: mwongozo kamili wa kurudisha pembe sawa

Ukipandisha gari sentimita tano ama kumi, haupandishi gari yote. Shasi, moteri, bwati (sanduku la gia) na transferi (ile yenye kugawa nguvu mbele na nyuma) vinaenda juu, ponti (lile bomba nene lenye kubeba matairi ya pande zote mbili) inabaki chini na matairi, na kitu chenye kuunganisha hizo pande mbili ni kardani, ile bomba ya chuma yenye kuzunguka chini ya sakafu. Inalazimika kulala kwa mteremko mkali kupita zamani, na misalaba yake (mafundi wa Birere, hapa Goma, wanaitaga kruazio) inakunjika kuliko vile kiwanda kilipanga. Gari haitakwambia siku ileile. Itakwambia ukiwa kwenye matope ya Masisi na mzigo mgongoni.

Sikatai kupandisha. Hapa Goma mawe makali ya volkano ingali inatoka kwenye barabara za mitaa mingi, na ukishapita Sake kuelekea milimani mvua ikinyesha utataka kila sentimita. Ila kuna tabia moja nakataa kabisa, ile ya kununua kwanza kupima baadaye, mtu anasikia gari inatetemeka, anaambiwa "weka kabari", anaweka kabari, inatetemeka zaidi, anaambiwa "shusha bwati", anashusha, na mwisho gari iko na vyuma vya kila aina chini yake na hakuna mwenye kujua pembe ni ngapi. Usinunue kabari, usiite mwenye kuchomelea, usiguse traversi (chuma chenye kubeba bwati) mpaka uko na namba tatu kwenye karatasi. Namba tatu tu, na simu yako ya kila siku inatosha kuzipata.

Msalaba unafanya nini ukikunjika

Msalaba ukiwa kwenye pembe hautoi mwendo sawa. Upande wa kuingiza unazunguka sawasawa, upande wa kutoka unakimbia halafu unachelewa, unakimbia unachelewa, mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa digrii 10 tofauti ni kidogo, kama asilimia 1.5 juu na chini. Kwa digrii 20 inafika kama 6. Kwa digrii 30 inapita 13 upande mmoja na 15 upande wa pili. Maana yake kardani yenye kuingizwa mizunguko 2000 kwa dakika kwa pembe ya digrii 20, ndani ya mzunguko mmoja inaruka kati ya 1880 hivi na 2130 hivi, na inafanya hivyo mara mbili, bila kupumzika.

Sasa mbona gari ya kiwanda haitetemeki? Kwa sababu iko na msalaba wa pili upande wa ponti, na ule wa pili unarudisha kile wa kwanza uliharibu. Lakini unarudisha kama pembe mbili ziko sawa, na kama masikio ya kardani (zile ncha zenye kushika msalaba) upande huu na upande ule yamelala kwenye mstari mmoja. Kupandisha gari kunavuruga sharti la kwanza. Fundi mwenye haraka anavurugaga la pili, nitarudia hapo.

Pembe kubwa kiasi gani inavumilika? Inategemea kardani inazunguka mbio gani. Spicer, watengenezaji wa misalaba wenye kujulikana, wako na jedwali la mwisho wa pembe: mizunguko 5000 kwa dakika ni digrii 3.2, kwa 4000 ni 4.2, kwa 3000 ni 5.8, kwa 2500 ni 7, kwa 2000 ni 8.7, na kwa 1500 unaweza kufika 11.5. Chukua Land Cruiser yenye tairi 7.50R16, upana wa tairi kutoka chini hadi juu ni kama sentimita 80, kwenye ponti iko 4.1 (tairi ikizunguka mara moja, kardani inazunguka mara 4.1). Kwa kilomita 80 kwa saa kardani inazunguka kama 2200 kwa dakika, kwa kilomita 100 inafika 2700. Kwa hiyo mtu wa Goma mwenye kupita mara chache kilomita 80 anaweza kuishi na digrii 8 bila shida, lakini akiuzia gari ileile mtu wa Lubumbashi mwenye kukimbia 110 kwenye lami ya Likasi, huyo atalia. Njo maana ushauri wa "mimi nilipandisha na haitetemeki" haina maana kama hujui huyo mtu anatembeaga mbio gani.

Na usitafute sifuri. Msalaba wenye kunyooka kabisa, zile sindano ndani ya vikombe hazizunguki, zinakaa mahali pamoja na kuchimba chuma. Nusu digrii hadi digrii moja njo kidogo kabisa unahitaji.

Hakikisha kwanza ni pembe

Mtetemo mwingi watu wanaita wa kardani ni matope yenye kukauka ndani ya rimu. Osha rimu upande wa ndani. Sicheki, anza hapo.

Halafu sikiliza. Kwa ile gari ya mfano kwenye kilomita 80, tairi inazunguka kama mara 9 kwa sekunde, kardani mara 36, na shida ya pembe inapiga mara mbili kwa mzunguko, donc kama 72. Tairi unaisikia kwenye usukani kama kutikisika, karibu unaweza kuhesabu. Kardani yenye kukosa balansi, kwa sababu imepigwa jiwe ama bomba imepinda, inatoa mtetemo mwembamba kwenye kiti na sakafu. Pembe inatoa mvumo, kitu kati ya sauti na mtetemo, na dalili yake kubwa ni kwamba inabadilika ukikanyaga ama ukiachia gazi. Tafuta kipande cha tambarare, fika kwenye mbio yenye kuleta shida, achia gazi, weka nyutro, acha moteri iwake. Mtetemo ukibaki vilevile, angalia tairi na balansi. Ukipotea ama ukigeuka sura, pembe ama misalaba yenyewe.

"Tak" moja kila ukiondoka ama ukigeuza gia ni msalaba wenye kuchoka au meno ya kuteleza (pale kardani inarefuka na kufupika) yenye nafasi. Shika kardani kwa mikono miwili, pindisha huku na huku, angalia kila kikombe. Ukiona vumbi jekundu linatoka pembeni ya kikombe, grisi ilishakwisha zamani na sindano zinasagana kavu. Badilisha hiyo misalaba kabla ya kupima chochote, juu ukipima na msalaba mbovu unapima uongo.

Kama gari iko na nguvu ya magurudumu manne wakati wote, kama Land Cruiser 80 nyingi ama Prado, kardani ya mbele inazunguka kila siku na inaweza kuwa yenyewe njo ya kulia. Funga difransieli ya katikati, ondoa kardani ya mbele, tembea kidogo mahali penye udongo. Kelele imepotea, umeshajua upande. Usisahau kufunga hiyo ya katikati, bila hivyo gari haitasogea hata kidogo. Kwa zile za kufunga mbele kwa mkono kwenye gurudumu, ukiacha wazi kardani ya mbele inalala tu, kwa hiyo pembe yake inaruhusiwa kuwa mbaya kidogo, hautaitumia kwenye mbio.

Kiwanja, na usalama kwanza

Gari lazima isimame kwenye magurudumu yake, na uzito wake wa kila siku: mafuta, tairi ya spea, masanduku ya vyombo, kama kawaida unabebaga magunia basi weka magunia. Upepo wa tairi sawa pande zote. Usipime gari ikiwa juu ya kriki (jeki) na ponti inaning'inia, hiyo pembe haina kazi na bado nakuta mafundi wanapima hivyo. Kama chini ni padogo na haupiti, weka magurudumu yote manne juu ya mbao nene za urefu mmoja.

Kiwanja si lazima kiwe sawa kama meza juu tunatafuta tofauti kati ya namba, lakini gari isisogee katikati ya kazi. Na hapa sikiliza vizuri: Nissan Patrol Y60 na Y61, na Land Rover Defender, breki ya mkono iko nyuma ya transferi, haiko kwenye magurudumu. Ukifungua kardani ya nyuma, breki ya mkono imekufa, na hata gia haishiki tena upande wa nyuma. Gari inaondoka nawe chini yake. Weka vizuizi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu kabla ya kugusa bulo (bolti) ya kwanza, gari ya aina yoyote. Ukihitaji kuinua, tumia shandeli, ile miguu ya chuma ya kushikilia gari. Bloke ya simenti inapasuka bila kutoa taarifa, na jiwe la volkano ni vilevile, limejaa matundu ndani.

Kupima

Programu ya nivo ya simu inasoma digrii na nukta moja. Chuma ya gari haiisumbui, hiyo ni shida ya dira tu. Shida ya simu ni kamera yenye kutokeza mgongoni na kava yenye kupinda, basi toa kava, na usiweke simu moja kwa moja kwenye chuma, tafuta kipande cha chuma bapa kilichonyooka, weka hicho kwenye gari na simu ukalishe ubavu wake juu yake. Soma, geuza simu nyuma mbele, soma tena, chukua katikati ya hizo mbili. Hivyo kosa la simu limejifuta lenyewe.

Kabla ya kufungua, piga alama ya rangi ama ya ponso kwenye flanji zote mbili (visahani vyenye kufunga kardani kwenye transferi na kwenye ponti) na kwenye meno ya kuteleza, ili kila kitu kirudi mahali pake. Hii njo ile ya masikio niliyosema: kardani ikitengana kwenye meno na kurudishwa meno mawili pembeni, pembe zako zinaweza kuwa nzuri kama nini na gari itatetemeka mpaka uiuze. Na usijifanye kunyoosha masikio kwa macho kama alama ya kiwanda inasema vingine, kuna kardani zilizotoka kiwandani na masikio yasiyolingana makusudi. Rudisha kama ilivyokuwa.

Namba ya kwanza ni kardani yenyewe, chukua kabla ya kuifungua. Chuma bapa juu ya bomba, mahali pasipo na kutu ama alama ya kuchomelea, soma mteremko. Halafu fungua bulo za flanji, funga kardani pembeni kwa kamba, usiiache ininginie kwenye msalaba mmoja.

Namba ya pili ni transferi. Weka chuma bapa wima kwenye uso wa flanji yake, angalia inaachana na wima kwa digrii ngapi. Uso ukiangalia chini kidogo kuelekea udongo, maana yake mhimili unateremka kwenda nyuma. Namba ya tatu ni pua ya ponti, ile sehemu yake yenye kupokea kardani, vilevile, chuma wima kwenye uso wa flanji. Uso ukiangalia juu kuelekea sakafu ya gari, pua imeinuka.

Andika zote kwa lugha moja: "inateremka kwenda nyuma kwa digrii kadhaa". Pua yenye kuangalia juu digrii 5 nayo ni mhimili wenye kuteremka kwenda nyuma digrii 5. Ikiangalia chini, weka alama ya kutoa. Watu wengi wanaharibu kazi yote hapa, wanaandika 5 na 5 wanafikiri sawa kumbe moja inaenda juu ingine chini.

Hesabu, ni kutoa tu

Mfano. Transferi 3, kardani 13, pua ya ponti 5. Pembe ya msalaba wa mbele ni 13 kutoa 3, yaani 10. Msalaba wa nyuma ni 13 kutoa 5, yaani 8. Tofauti kati ya misalaba ni digrii 2, na unataka isipite 1. Donc pua ya ponti inatakiwa kushuka, iende kwenye 3 kama transferi. Unaona? Kila mtu angekwambia inua pua kwa sababu umepandisha gari, na namba zinasema shusha.

Halafu kuna swali la pili: hata zikilingana, digrii 10 kwa kila msalaba ni nyingi kwa mbio yako? Rudi kwenye jedwali la juu. Kama ni nyingi, kulinganisha peke yake hakutoshi, lazima upunguze mteremko wenyewe wa kardani, ama ubadilishe aina ya kardani.

Aina ingine ni kardani dabo, yenye misalaba miwili karibu-karibu upande wa transferi na kibofu (tufe dogo la chuma) cha kuelekeza katikati. Hiyo misalaba miwili inajisahihisha yenyewe palepale juu, kwa hiyo chini hautaki tena pua ilale sambamba na transferi, unataka pua iangalie kardani moja kwa moja. Kwenye mfano wetu kardani iko 13, basi pua ipande hadi 11 ama 12. Mbona si 13? Juu ukikanyaga gazi ponti inajipinda na pua inapanda, sana kwenye lamu (springi za vyuma bapa), kwa hiyo unaiacha chini kidogo, digrii moja ama mbili kwa lamu, moja ama chini ya hapo kwa resori za mviringo (springi za koili). Akiba hiyohiyo inafanya kazi na kardani ya kawaida pia.

Kardani dabo ni nzuri lakini si dawa ya bure. Iko nzito, misalaba ni mitatu ya kulisha grisi badala ya miwili, na kile kibofu cha katikati kikikauka kinakufa chote kwa mara moja. Land Rover Discovery ya pili, zile za 1998 hadi 2004, ziko nayo mbele kutoka kiwandani na zinajulikana kwa hiyo shida, juu iliyotoka nayo haina mahali pa kuingizia grisi. Kwa gari ya kazi ya hapa kwetu, kama kulinganisha kunaleta pembe chini ya digrii 8, mimi nabaki na ya kawaida. Msalaba wa kawaida utaupata Birere asubuhi, kile kibofu utakingoja.

Kitu kimoja tena kabla ya kwenda kwenye vyuma: kama ukiangalia kutoka juu kardani pia inaenda pembeni, kwa sababu pua ya ponti haiko kwenye mstari wa transferi, pembe ya kweli iko kubwa kidogo. Zidisha kila pembe kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Wima 10 na pembeni 3 inakupa 10.4. Kwa kawaida haibadilishi maamuzi.

Ponti ya lamu

Hapa njo kazi nyingi ya kwetu. Ponti inageuzwa kwa kabari ya chuma kati ya lamu na kile kiti kilichochomelewa kwenye ponti.

Upande mnene unaenda wapi? Kama lamu inalala juu ya ponti na unataka kuinua pua ya ponti ya nyuma, mnene unaenda nyuma. Kama lamu inapita chini ya ponti, mnene unaenda mbele. Kushusha pua ni kinyume chake. Inama uangalie gari yako kwanza, usiamini kile jirani alifanya kwenye yake.

Kabari za dukani zinakuja za digrii 2, 4 na 6. Zikikosekana, fundi mchongaji wa vyuma anaweza kukutengenezea: kwa kabari ya urefu wa milimita 100, digrii 2 ni tofauti ya milimita 3.5 kati ya ncha mbili, digrii 4 ni milimita 7. Upana uwe sawa na lamu, na tundu katikati lipitishe kichwa cha ile bulo yenye kushika lamu pamoja. Chuma, si aluminiamu, aluminiamu inapondeka na kupasuka kwenye barabara zetu, na mbao hata usinitajie. Usiweke kabari mbili juu ya ingine. Ukihitaji kupita digrii 6, acha kabari, kata viti na uvichomelee upya kwenye pembe yenye kutakiwa, na huyo mwenye kuchomelea awe mtu anayejua, apige vipande vifupi-vifupi huku na huku, juu bomba la ponti likipata moto mwingi upande mmoja linapinda na ekseli zitakula mafuta na beringi.

Kazi yenyewe: inua shasi, weka shandeli, ponti iwe juu ya kriki ya pili. Fungua zile bulo za U upande mmoja tu. Legeza za upande wa pili bila kutoa. Shusha ponti kidogo mpaka kabari inaingia. Angalia kichwa cha bulo ya katikati kinaingia ndani ya tundu la kiti, kama hakifiki vizuri badilisha na bulo yenye kichwa kirefu, bila hiyo ponti itateleza na gari itatembea kama kaa. Bulo za U mpya, zile za zamani zikishavutwa mara moja hazirudii nguvu. Kaza kona moja halafu kona yenye kuielekea, kidogo kidogo, pande zote nne ziende pamoja. Ukimaliza, gari chini, itikise, isogeze mbele na nyuma mita chache lamu ikae, halafu pima tena. Kabari ya digrii 4 haileti kila mara digrii 4 kamili.

Wale wa kupandisha kwa jumeli ndefu (vile vyuma vyenye kuning'iniza ncha ya lamu kwenye shasi): jumeli ikirefushwa, ule upande wake wa lamu unashuka na ponti inageuka nayo. Nyuma, jumeli ikiwa upande wa nyuma wa lamu, pua inainuka yenyewe. Kwa hiyo mtu wa jumeli mara nyingi anahitaji kushusha pua, na bado anauziwa kabari ya kuinua. Mimi jumeli ndefu sizipendi, zinalegeza gari kwenye kona, lakini kama ziko tayari, pima na ufuate namba.

Resori za mviringo, na ugomvi wa mbele

Nyuma, kwa Patrol ama Land Cruiser 80 na 105, pua inarekebishwa na mikono ya juu ama ya chini yenye kurefushwa kwa skrubu. Rahisi. Mkono wa juu ukirefushwa, pua inainuka, ukiwa mfupi zaidi inashuka. Zungusha, pima, funga ekuru (nati) ya kukazia.

Mbele njo kuna ugomvi. Kwenye hizo gari, na kwenye Land Cruiser 78 na 79 tangu zilipopewa resori za mviringo mbele mwaka 1999, ponti ya mbele inashikwa na mikono miwili mirefu yenye kwenda nyuma mpaka kwenye shasi. Ukipandisha, mwisho wa mikono unaenda juu, ponti yote inageuka: pua inainuka kuelekea transferi, na ule mlalo wa nyuma wenye kufanya usukani urudi katikati unapungua. Gari inaanza kutangatanga barabarani. Ukiweka silenbloki (bushi za mpira) za kurekebisha usukani, ponti inageuka kurudi, usukani unatulia, na pua inashuka.

Kwa kardani ya kawaida hiyo si mbaya, juu pua inarudi kuwa sambamba na transferi ingawa pembe zote mbili zinakuwa kubwa. Kwa kardani dabo ni mbaya, yenyewe inataka pua iangalie juu. Kwa hiyo hauwezi kuweka vyote viwili kwa nguvu. Usukani unaenda kwanza, hakuna mjadala hapo, gari yenye kutangatanga inaua watu na kardani yenye kuvuma inaua msalaba. Weka usukani sawa, pima pua imebaki wapi, halafu njo uchague kardani.

Prado na Hilux zenye mbele ya mikono huru ni habari ingine kabisa, kule pua haigeuki na shida inakuwa kwenye ekseli fupi za pembeni.

Kushusha traversi

Spesa kati ya shasi na traversi yenye kubeba bwati zinashusha mkia wa moteri yote. Kama kutoka mounti za moteri hadi traversi ni mita 1.2, spesa ya milimita 25 inageuza kama digrii 1.2. Si nyingi, na inakuja na deni. Transferi ikiteremka nyuma, flanji yake ya mbele inaangalia juu zaidi, donc unasaidia kardani ya nyuma na kuumiza ya mbele. Na ile sentimita 2.5 uliilipia kwa kupandisha, umeirudisha chini palepale penye mawe yanapigaga kwanza. Kama lazima, baada ya kushusha angalia panga za feni hazigusi kava ya radiateri, bomba la moshi, mpira wa klachi, fimbo ya gia kwenye tundu la sakafu. Kisha pima namba zote tatu upya, transferi imehama.

Kardani ya vipande viwili

Hilux nyingi za kabini dabo ziko na beringi katikati. Zikipandishwa nyuma dalili yake haiko kwenye mbio, iko kwenye kuondoka: gari inatetemeka nguvu kati ya sifuri na kilomita 30 ukiwa na mzigo, halafu inatulia. Shusha ile beringi ya katikati kwa rondeli (washa) nene, milimita 10 kwanza, jaribu, ongeza kama bado. Bulo ziwe ndefu za kutosha. Na angalia mpira wa beringi, ukishapasuka hakuna spesa itasaidia.

Urefu, na gurudumu likining'inia

Gari ikisimama kardani haijarefuka sana. Kama kutoka flanji hadi flanji kwa ulalo ni mita 1, na tofauti ya kimo imetoka sentimita 15 hadi 20, kardani imevutwa milimita 9 tu hivi. Lakini ponti ikining'inia mpaka sentimita 35, imevutwa karibu milimita 50 kupita mwanzo. Hapo njo meno yanaweza kubaki machache ndani, ama kutoka kabisa, na kardani yenye kutoka kwa mbele ikiwa kwenye mwendo inachimba barabarani.

Inua shasi juu ya shandeli, ponti ining'inie yote, zungusha kardani kwa mkono mzunguko mzima. Inatakiwa kuzunguka laini. Ikigoma mahali, ama ukiona alama ya kung'aa kwenye masikio, masikio yanagusana. Dawa ni mkanda wa kuzuia ponti isishuke kupita kiasi, ama amortiseri (shokapu) fupi kidogo. Meno yakiwa machache ndani, weka spesa ya flanji na bulo mpya ndefu za daraja lilelile ama juu zaidi. Halafu fanya kinyume: inua ponti kwa kriki mpaka kwenye mpira wa kugonga, kardani isifike mwisho wa kuingia, ikifika inasukuma beringi ya transferi.

Kujaribu

Grisi kwanza, pompa mpaka mpya inatoka kwenye vikombe vyote vinne vya kila msalaba, kikombe kimoja kikikataa huo msalaba hauko mzima. Kisha kipande cha lami kuelekea Sake, mapema kabla ya malori. Panda polepole kwa kila kilomita 10, kila hatua kanyaga, achia, sikiliza. Mvumo ukikanyaga peke yake, pua inapanda sana kwenye gazi, ishushe digrii moja. Mvumo ukiachia, inue kidogo. Ukiwa sawa pande zote mbili na mtetemo mwembamba umebaki, pembe zako ziko nzuri, peleka kardani kwenye balansi.

Bulo za U na za flanji zikazwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza, na tena kwenye 500. Ukivuka mto ama ukilala kwenye matope, grisi siku hiyohiyo ukifika. Na ile karatasi ya namba iweke kwenye sanduku la gari pamoja na tarehe, juu lamu mpya zinashuka kidogo miezi ya kwanza, na siku unapima tena utahitaji kujua zilianzia wapi.